Nilivyoukwangua Mwandiko Wangu kwenye Fimbo ya Pacha

Jamani, leo sina pa kuuweka huu uso. Nimekaa jikoni, chai imeshapoa, na bado sijaelewa vizuri kilichonipata. Nawaandikia nyie ili kama kuna mwenye akili timamu humu kwenye kundi anifafanulie. Waliobaki, someni kimya kimya.

Kazi yangu mnaijua. Naandika kwa brashi. Kuta za shule, mbao za maduka, misalaba ya makaburini, vyote vilikuwa vyangu hapa Sumbawanga. (Vilikuwa. Siku hizi mabango yanachapwa kwa mashine, mimi nimeachiwa marehemu.) Kitu kingine nilichoachiwa ni fimbo za shemeji yangu Deusi, mume wa dada yangu. Shemeji anatengeneza fimbo za kuvulia samaki, hapo kwake Milanzi. Si mwanzi uliofungwa uzi, hapana. Fimbo nyeusi za kisasa, zinapinda bila kuvunjika, zina pete ndogo za kupitishia mshipi na mpini anaouchonga kwa kupima kiganja cha mteja. Akimaliza inaandikwa jina la mwenye fimbo, na chini yake kwa herufi ndogo: Deusi, Milanzi. Hapo ndipo ninapoingia mimi, na brashi yenye nywele chache kuliko kichwa cha shemeji.

Sasa, mimi na shemeji tuna ugomvi wetu wa siku nyingi. Yeye anataka stika.

"Stika haibadiliki, shemeji," ananiambia. "Watu wa Wampembe, kule ziwani, wakiona fimbo wanatakiwa wajue ni ya Deusi. Sasa wewe ukiamka vizuri jina langu linasimama, ukiamka vibaya linalala chali."

"Stika ni gundi," namjibu. "Mtu atavuta samaki, jina lako liondoke na samaki."

Tumebishana hivyo mpaka dada yangu akikuta tunaanza anachukua ndoo anaenda bombani, hata kama maji yapo.

Basi akaja Mama Kulwa. Huyu mama anatoka bondeni, Ilemba, familia ya wafugaji waliohamia kutoka Usukumani. Ana mapacha, Kulwa na Doto. Msifikirie watoto wadogo. Ni wanaume wenye ndevu, na wanapenda kuvua kambare kuliko kula. Walikuwa na fimbo moja, wakaigombania, huyu akavuta huku na yule akavuta kule, ikavunjika katikati. Tangu siku hiyo hawasemeshani. Wanakula chungu kimoja, lakini mmoja akitaka chumvi anasema, "Mama, mwambie huyo anipe chumvi." Na huyo amekaa pembeni yake!

Mama Kulwa akamwambia shemeji, "Nitengenezee mbili. Zifanane kama wao. Pacha mmoja hapewi kizuri halafu mwenzake akapewa kizuri zaidi. Ukinikosea hapo, mwanangu, nyumba yangu itagawanyika."

Shemeji akatengeneza. Nilizikuta zote mbili zimekamilika, huwezi kuzitofautisha hata kwa dawa. Juzi nikaziandika kwa mkono wangu huu, moja Kulwa, moja Doto. Rangi nyeupe juu ya nyeusi, herufi zimetulia utadhani zimezaliwa pale. Shemeji mwenyewe alizipiga picha kwa simu. Nikaondoka nimevimba kichwa.

Leo asubuhi ndiyo siku ya kukabidhi. Mimi sikuwa na kazi yoyote pale. Nilienda kusifiwa tu, na nikavaa kitenge kipya kwa shughuli hiyo. Fimbo zimelazwa kwenye benchi, bado hazijapakwa vanishi ya mwisho, maana shemeji haipaki mpaka mteja akague jina kwanza. Nikazitazama nimesimama hatua mbili nyuma, nimekunja mikono, natikisa kichwa kwa kujipenda. Sikuyagusa majina. (Kama kuna mtu alijua natakiwa kuyagusa na hakuniambia, Mungu anamwona.)

Shemeji hakuwa na raha. Anazunguka banda, anapanga vitu vilivyokwisha kupangwa.

"Shemeji," akaanza, "kabla hawajafika kuna jambo nataka..."

"Hodi!"

Wakaingia. Mama Kulwa mbele, mrefu, kanga mabegani. Nyuma mapacha wawili, mashati ya kijani yanayofanana mpaka vifungo. (Mama ndiye aliyewanunulia. Wana ndevu, nawakumbusha.) Mmoja akaenda kusimama kwenye pipa la maji, mwingine langoni, wamepeana migongo kama wanaolinda benki.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Mwangaluka."

"Mwangaluka," nikamrudishia vilevile. Kisukuma changu kinaishia hapo.

Nikachukua fimbo ya kwanza kwa mpini, nikaisoma, nikampelekea wa langoni. "Karibu Kulwa."

"Mimi Doto."

Nikavuka ua mpaka kwenye pipa. "Basi wewe ndiye Kulwa."

"Ndiyo," akajibu, "ila thibitisha kwa mama."

Ningejua, ningerudi nyumbani pale pale. Siku ikianza hivyo si siku ya kufungua mdomo. Mimi nikaufungua. Nikaanza kumhubiria Mama Kulwa, mikono inapaa hewani.

"Mama, tazama haya maandishi. Huu ni mkono wa mtu. Kuna stika siku hizi, kijana mmoja pale mjini anazikata kwa mashine, ndizo wanazobandika kwenye bodaboda. Wewe unataka mwanao awe na jina la bodaboda? Jua la bondeni litaikunja. Maji yataingia chini yake. Mkono haubanduki, mama!"

Shemeji akakohoa.

"Na stika haina uhai," nikaendelea. "Mimi stika naijua hata nikiwa nimesinzia."

Shemeji akakohoa tena, safari hii mpaka machozi.

"Shemeji, kunywa tangawizi," nikamwambia bila kugeuka.

"Mama Kulwa, unisamehe," shemeji akasema. "Moja ya hizi ni stika."

Hata wale wanaopita njiani nje ya ua nadhani walisimama.

Akaeleza, anaangalia chini. Siku ile niliyoandika, jioni, jogoo wa jirani aliruka kwenye benchi rangi ikiwa bado mbichi. Akalikanyaga jina moja na kuburuta mkia wake wote juu yake. Shemeji akajaribu kulisafisha, likafutika kabisa. Akawa na ile picha kwenye simu. Akaipeleka kwa kijana wa stika, kijana akazikata herufi kwa kuufuata mwandiko wangu vilevile ulivyo, na jana shemeji akabandika.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Niliogopa mdomo wako."

Mama Kulwa akashusha kanga begani taratibu. "Kwa hiyo mwanangu mmoja kaandikiwa kwa mkono," akasema, "na mwenzake kabandikiwa."

Mapacha wakageuka kwa pamoja. Hawakutazamana, walitazama fimbo.

"Mama, mwambie huyo asidhani ya mkono ni yake," akasema wa pipa.

"Mama, mwambie ajibiwe na fundi," akasema wa langoni.

Mama akamgeukia shemeji. "Ipi ndiyo ya kubandika?"

Shemeji akafungua mdomo. Na mimi, jamani, mimi niliyelelewa vizuri na wazazi wangu, nikanyoosha kiganja mbele ya uso wake.

"Usiseme! Mkono ni wangu. Nitaonyesha mwenyewe. Tunaitoa hiyo takataka, naandika jina kwa brashi, zinakuwa sawa. Mama, wala usiwe na wasiwasi."

Nikazilaza fimbo mbili benchini. Nikainama. Nikafumba jicho moja. (Sijui kwa nini. Niliona mafundi saa wanafanya hivyo.)

"Tazameni hii K," nikawaambia. "Imesimama kama askari wa gwaride. Mkono wa mtu hausimami hivi. Na L ina mgongo mkavu, haina damu. Sasa njooni kwenye hii D. Ina tumbo. Inapumua! Hii D nilipoiandika nilikuwa naimba, mnausikia wimbo?"

Hakuna aliyesikia wimbo.

"Una uhakika, mwanangu?" akauliza Mama Kulwa.

"Mama, kuna mzazi anayeweza kumsahau mwanaye?"

(Hayo nilimwambia mama wa mapacha. Mniombee.)

"Shemeji, ngoja kidogo," Deusi akaanza.

"Nyamaza shemeji, umeshaongea vya kutosha."

Nikatoa wembe kwenye boksi langu la rangi, nikaanza kuikwangua Kulwa.

Stika kwa kawaida, ukipitisha wembe ukingoni, inanyanyuka, unaivuta kama ganda la ndizi. Hii haikunyanyuka. Ilitoka unga. Unga mweupe, unadondoka kwenye kitenge changu kipya. Nikashangaa kidogo. Mtu mwenye akili angeishia kwenye hiyo K. Mimi nikaongeza nguvu, na nikatoa na maelezo.

"Mnaona wanavyotuibia? Stika yenyewe feki! Hata gundi haina!"

Nikamaliza U. Nikamaliza L. Nilipokuwa kwenye W nikasikia kigoda kinalia, ni shemeji amekaa chini kwa uzito wake wote, amekishika kichwa kwa mikono miwili. Nikamalizia A, nikapuliza vumbi, nikasimama wima kama mtu aliyechinja mbuzi wa sherehe.

"Tayari," nikasema.

"Shemeji," Deusi akasema kwa sauti ya msibani, "jogoo alimkanyaga Doto."

Sikuelewa. Kweli kabisa, sikuelewa. "Alimkanyaga lini?"

"Mimi sijakanyagwa na jogoo yeyote," akasema Doto kutoka langoni.

"Jina," shemeji akasema. "Alikanyaga jina. Jina la Doto. Stika ni Doto, shemeji. Hiyo uliyoikwangua ni ya kwako."

Nikamwangalia shemeji. Nikaangalia unga kwenye kitenge. Nikasema, "Haiwezekani," kwa sababu nilihitaji kusema kitu. Doto akaja mpaka benchini, akaingiza ukucha chini ya ile D yenye tumbo, ile inayopumua. Ikanyanyuka. Akavuta pole pole, na jina lote likaja kama lilivyo, Doto na Deusi na Milanzi, likaning'inia kwenye kidole chake.

"Wimbo wenyewe huu," akasema.

Nikamnyang'anya ile stika. Nikaileta karibu na macho, na hapo ndipo kichwa kilipochanganyika kabisa, mpaka sasa hakijatulia. Maana ule mwandiko ni wangu! Kuna mahali kwenye T nilipoinua brashi mapema, pakabaki pembe ndogo. Ile pembe ipo. Mashine imeikata na kosa langu. Sasa niambieni nyie: nilidanganyika, au niliona sawa? Nilisema huu ni mkono wangu, na ni mkono wangu. Nilisema ile nyingine imekufa, na ile nyingine niliiandika mwenyewe, siku hiyo hiyo, kwa brashi hiyo hiyo. Kwa hiyo maiti niliiandika mimi, na mzima kakatwa na kijana wa stika za bodaboda? Nikaanza kujitetea kwa Kifipa, peke yangu. Watoto wa jirani tayari walikuwa wamejipanga ukutani kama njiwa.

Mama Kulwa hakupaza sauti. Bora angepaza. "Sasa wanangu wote hawana jina," akasema. "Andika upya. Zote mbili. Kwa mkono. Hapa hapa, nikiwa nakuona."

Shemeji akazipitishia msasa laini, akazifuta, akanirudishia moja bila kunitazama. Nikachovya brashi. Pacha mmoja alikuwa amesimama mbele yangu, nikaona leo sibahatishi, leo nauliza.

"Wewe ni nani?"

"Doto."

"Shika hiyo ncha isitikisike."

Akashika. Nikaandika Doto, na chini yake Deusi, Milanzi. Ikatoka vizuri, nawaambia ukweli. Nikamsikia Mama Kulwa anaguna kwa kuridhika, nikapata pumzi. Nikaipeleka kuiegemeza ukutani ikauke, mbali na kuku yeyote. Nikaosha brashi. Nikarudi. Mama Kulwa alikuwa bado kule ukutani, anaikagua ile ya kwanza. Shemeji alikuwa ameilaza fimbo ya pili benchini, kisha akaenda kusimama kule nyuma, ameugeukia ukuta. Alisema hawezi kutazama. Na pacha alikuwa mbele yangu, ameishika ncha.

Sikuona sababu ya kubahatisha. Nikauliza tena, "Na wewe ni nani?"

"Doto," akajibu.

Na alijibu kweli. Alikuwa Doto yule yule, hajaondoka pale, kwa sababu nilimwambia ashike na hakuna aliyemwambia aache. Kulwa alikuwa bado amenuna kwenye pipa lake.

Mimi nikasikia Doto, nikaandika Doto. Akili yangu yote ilikuwa kwenye vidole, masikio yalikuwa yanafanya kazi yenyewe bila msimamizi. Nikaandika kwa upendo. D nikaipa tumbo. Doto mwenyewe alikuwa anayasoma maandishi yakiwa juu chini, anatabasamu, anadhani narudia jina lake kwa sababu la kwanza halikunitosha. Nikamaliza na Milanzi, nikainyanyua, nikamwendea Kulwa kwenye pipa.

"Haya Kulwa, na wewe karibu. Mkono mtupu, hakuna gundi."

Kulwa akaisoma. Akanitazama. Akaisoma tena. Akaenda mpaka ukutani, akasoma ile nyingine. Akarudi.

"Mama," akasema, "huyu dada ametuua."

Mama Kulwa akasogea kuona. Shemeji akageuka kutoka ukutani, akaona uso wangu, akaugeukia ukuta tena. Mimi nikasimama katikati ya ua na brashi mkononi, najaribu kuhesabu mapacha. Moja, mbili. Fimbo moja, mbili. Doto mmoja. Doto wawili. Nikauliza, kwa sauti kabisa, watu wote wakanisikia: "Kwani Kulwa ni nani?"

Ndipo Doto alipoanza. Kwanza mabega yalitetemeka, halafu akajishika tumbo. Kulwa akajaribu kukaza uso, nilimwona anavyojaribu, midomo ikawa inacheza kama ya mtu anayezuia chafya. Akashindwa. Wakacheka wale watu mpaka mmoja akakalia pipa la maji, na lilikuwa halina mfuniko. Doto akamvuta ndugu yake akiwa amelowa mpaka kiunoni, bado anacheka, na akamwambia, yeye mwenyewe, bila kupitia kwa mtu:

"Pole, Doto."

"Asante, Doto," Kulwa akajibu.

Mama Kulwa akawatazama. Nilimwona anavuta upindo wa kanga kwenye jicho, haraka, kama anatoa mdudu.

Nikakimbilia kitambaa na mafuta ya taa. "Rangi bado mbichi, nafuta sasa hivi, naandika Kulwa, dakika tu..."

"Uiache," Kulwa akasema, anakamua suruali. "Ilemba nzima wananiita Doto, na nimechoka kuwarekebisha."

"Lakini ni kosa," nikasema.

"Si nilitaka zifanane?" akasema Mama Kulwa. "Hazijawahi kufanana hivi."

Shemeji akapaka vanishi. Dada yangu akarudi kutoka bombani, akakuta watu wanakula ugali wa ulezi na kucheka. Akauliza kuna nini, na hakuna aliyeweza kumaliza sentensi. Jioni wakaondoka, kila pacha ameinua fimbo yake wima kama mshumaa wa maandamano ya kanisani, wanabishana kwa mdomo wao wenyewe nani ameshika ya nani. Langoni Mama Kulwa alinishika mkono muda mrefu. Sikujua ananishukuru au ananionea huruma, na sikuthubutu kuuliza.

Shemeji hajasema neno kuhusu stika mpaka sasa. Na mimi sijasema neno kuhusu mkono. Sijui nani ameshinda. Sijui hata kama tulikuwa tunashindana.

Kwa hiyo nawaombeni, kesho mkinikuta sokoni, msicheke. Nisalimieni kawaida, na mnitajie majina yenu mara moja tu.